Jinsi ya Kutembelea Chuo Kikuu cha Nairobi na Kanisa Lake Dogo kwa Nusu Siku

Wageni wengi wanaopitia Nairobi hupelekwa kuona twiga asubuhi na kurudishwa katikati ya jiji alasiri kununua vinyago, nacho chuo kikuu hukiona kupitia dirisha la gari lililokwama kwenye foleni ya Uhuru Highway. Wakazi wenyewe si bora sana. Wengi wetu tunakijua chuo hicho kwa picha za mahafali na kwa harufu ya gesi ya kutoa machozi, basi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutenga nusu siku akitazame kwa makini, awe ametoka ng'ambo au Rongai.

Kwanza iondoe dhana moja kichwani. Katika vyuo vya kale vya Uingereza, kanisa ndilo moyo wa ziara. King's College ya Cambridge iliasisiwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1441, jiwe la msingi la kanisa lake likawekwa mwaka 1446, na kazi ya mawe haikukamilika hadi mwaka 1515. Mgeni hukata tiketi, huingia, huinua macho kuitazama dari, na akitoka huhesabu kwamba amekiona chuo. Hapa Nairobi mpango ni mwingine kabisa. Chuo chetu kilianzishwa ili kufundisha ufundi na biashara, sehemu ya fedha zake ikatokana na michango ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliotaka kumkumbuka Gandhi, na sanamu utakayoikuta ndani ya viwanja vyake ni ya Mhindu huyo. Kanisa lipo, lakini limekaa ukingoni, kando ya University Way, kama jirani mwenye adabu. Kwa hiyo usije ukitafuta jengo moja la kukumalizia haja. Njoo ukiwa tayari kutembea, kwa sababu mambo makubwa ya mahali hapa yamesambaa kuanzia barabara iliyo nje ya ua hadi kwenye kanisa jingine, kubwa zaidi, lililo mwendo wa robo saa hivi kwa miguu.

Maandalizi hayana mengi, ila yaliyopo hayaepukiki. Chuo ni mahali pa kazi na masomo, na hakuna dirisha la kuuzia tiketi. Kwa mtu mmoja au wawili, mara nyingi inatosha kufika langoni na kueleza shida yako, lakini anayekuja na kundi, au anayetaka kupiga picha kwa kamera kubwa, aiandikie ofisi ya mawasiliano ya chuo wiki moja au mbili mapema, akitaja idadi ya watu, siku, saa na sababu ya ziara, kisha aichapishe ruhusa atakayopewa na kuibeba mkononi. Mwenye ndugu au rafiki anayesoma au kufundisha hapo aombe kusindikizwa naye. Hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti yenyewe, wala si picha yake iliyo kwenye simu. Mimi niliwahi kukisahau changu mezani siku ambayo nilikuwa nimempeleka mjomba wangu kutoka Mombasa, na yeye, aliyekuwa na chake mfukoni, hajaacha kunisimulia hadithi hiyo hadi leo.

Chagua siku ya katikati ya juma wakati wa masomo, ufike saa tatu asubuhi, maana wakati huo wanafunzi wako madarasani, jua halijawa kali na ofisi zimefunguliwa. Siku za mahafali ziepuke kabisa: zina shangwe na mashada, lakini hutapata nafasi ya kusimama. Tena sikiliza redio kabla ya kutoka nyumbani. Wanafunzi wa chuo hiki wamekuwa wakiandamana kwa vizazi kadhaa na barabara zinazowazunguka ndizo uwanja wao, hivyo ukifika mjini ukawaona wenye maduka wa Moi Avenue wanateremsha milango ya chuma saa nne asubuhi, geuka urudi ulikotoka, chuo hakitahama. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti kwa kuwa utaingia kanisani mara mbili. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mwezi wa Julai sweta si mzigo, na kati ya Machi na Mei mwavuli ni wa lazima.

Ukitokea Kencom, kituo cha mabasi cha katikati ya jiji, fuata Moi Avenue kuelekea kaskazini, uiache Bustani ya Jeevanjee mkono wako wa kushoto, na mbele kidogo utatokea University Way. Ukija kwa matatu, mwambie makanga mapema akushushe University Way, kwa sababu magari hayakawii hapo.

Sasa usikimbilie langoni. Anzia nje, kwenye barabara ya Harry Thuku, upande ambao Kituo Kikuu cha Polisi, hoteli ya Norfolk na Jumba la Kitaifa la Maonyesho vinakaribiana. Hapa, miaka 34 kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia chuoni, lilitokea jambo ambalo bila kulijua hutaelewa kwa nini eneo hili lina tabia liliyo nayo. Harry Thuku alikuwa kijana karani aliyeongoza chama cha East African Association, akapinga kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi ya nyumba na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikuwa umekusanyika nje ya kituo alimozuiliwa, na wazee waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na kuwaambia watu watawanyike, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alijitokeza mbele, akainua nguo yake na kuwaambia wanaume wamvulie suruali zao wachukue vazi lake, kwa kuwa wao wameshindwa kazi ya kiume. Kwa desturi ya Wagikuyu, mwanamke mzima kujivua mbele ya wanaume ni laana nzito. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Wenyeji walihesabu wengi zaidi, na simulizi zinasema kwamba baadhi ya walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga risasi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Simama hapo dakika kumi. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1904 na jumba la maonyesho mwaka 1952, kwa hiyo ukizungusha macho unaona tabaka za jiji zikiwa zimebebana. Ila simu yako usiielekeze kwenye kituo cha polisi wala kwa askari yeyote, hata kama nia yako ni kupata picha ya jina la barabara tu. Liweke moyoni tendo la Nyanjiru, kwani utakutana nalo tena kabla ziara haijaisha.

Langoni, salamu hutangulia. Askari wa lango huulizwa maswali na watu wengi wenye haraka tangu alfajiri, na mgeni anayesema kwa utulivu, "Habari ya kazi, mkubwa," au "madam" akiwa mwanamke, kisha akasubiri ajibiwe kabla ya kutaja anakokwenda, huwa amekwisha kuvuka nusu ya njia. Utaandika jina na nambari ya kitambulisho kwenye daftari. Eleza kwa sentensi moja tu. Maelezo marefu huleta mashaka.

Ukiwa ndani, itazame historia kwa mpangilio wa majina, maana chuo hiki kimebadilisha jina kila siasa ilipobadilika. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilibuni mpango wa chuo cha ufundi na biashara cha Kenya pekee; baada ya miaka miwili mpango ukapanuliwa uwe wa Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1951 hati ya kifalme ikatolewa kwa jina la Royal Technical College of East Africa. Wakati huohuo Wahindi wa eneo hili walikuwa wakichanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka Gandhi, aliyeuawa mwaka 1948. Badala ya jiji moja changa kuwa na vyuo viwili vinavyogombea walimu, pande mbili zilikubaliana kuunganisha nguvu, na kwa njia hiyo kukapatikana jengo linalobeba jina la Gandhi pamoja na sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 1956 na Sarvepalli Radhakrishnan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa India. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili mwaka huohuo. Mwaka 1961 kikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1963 kikawa tawi lake pamoja na Makerere na Dar es Salaam, hata kijana aliyetaka uhandisi akaja Nairobi, wa udaktari akaenda Kampala na wa sheria akaenda Dar es Salaam. Mpango huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikashika chuo chake, na Mzee Kenyatta akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Itafute sanamu ya Gandhi kwanza, kisha uende kwenye chemchemi inayoitwa Fountain of Knowledge, ambapo karibu kila mhitimu mwenye joho ameshapigwa picha, halafu upite nje ya Taifa Hall, ukumbi wa mihadhara na mijadala. Huhitaji kuingia kila mlango. Kaa kwenye ukuta mfupi au kiti cha nje, utazame wanafunzi wakipita na makabrasha, maana ndio wanaofanya majengo haya ya katikati ya karne iliyopita yawe na maana. Kwa macho yangu, kama yangekuwa matupu, yangefanana na ofisi za wizara fulani.

Mpenzi wa fasihi atafanya hija ya aina yake hapa. Mnamo Oktoba 1968 wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado akiitwa James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliwasilisha waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawekwe masomo yenye fasihi ya Afrika, ile ya mdomo ikiwemo, katikati, na fasihi ya Uingereza pembeni yake. Hoja yao ilishinda, na mitaala ya shule na vyuo vingi barani ikafuata mkondo huo. Ngũgĩ mwenyewe alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977 bila kushtakiwa, na alipoachiliwa mwaka uliofuata hakurudishiwa kazi yake. Sijaona haja ya kutafuta chumba hasa walimokutana. Inatosha kujua kwamba jambo hilo lilitokea kwenye viwanja hivi. Mwenye muda anaweza baadaye kuvuka kwenda Chiromo, kampasi nyingine ya chuo hiki, alikofundisha Wangari Maathai baada ya kupata shahada ya uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata, lakini hiyo ni ziara ya siku nyingine.

Sasa toka uende kanisani. Kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo wengi huliita St. Paul's Chapel, ni la Wakatoliki wa jumuiya ya chuo, chini ya Jimbo Kuu la Nairobi, na liko kando ya University Way jirani kabisa na viwanja ulivyotoka. Kanisa la namna hii si parokia ya kawaida: waumini wake hubadilika kila baada ya miaka minne, kwaya hupoteza sauti zake bora kila mahafali yanapofika, na padri mlezi hulazimika kuanza upya kujifunza majina. Ukienda katikati ya juma utalikuta kimya, labda kukiwa na watu wawili watatu waliopiga magoti kabla ya mtihani. Zima sauti ya simu, vua kofia kama wewe ni mwanamume, ingia polepole na ukae nyuma. Mkatoliki atajua la kufanya penye maji ya baraka na mbele ya tabernakulo. Asiye Mkatoliki, au Mwislamu na Mhindu aliyekuja kuona tu, hahitaji kuigiza ishara yoyote, kwani utulivu wake ndio heshima anayodaiwa. Usipite mbele ya mtu anayesali, usipande altareni, na usipige picha bila kumwomba padri au mhudumu utakayemkuta.

Anayetaka kuliona kanisa likiwa hai aje Jumapili, hata kama atalazimika kuigawa ziara mara mbili, maana ofisi za chuo siku hiyo zimefungwa. Fika dakika ishirini kabla ya misa, kwani vijana hujaa mapema. Simama watu wanaposimama, keti wanapoketi, na wakati wa kutakiana amani mpe jirani yako mkono bila kusubiri aanze. Ekaristi ni kwa Wakatoliki walio tayari. Wengine hubaki kwenye viti na hakuna atakayewatazama vibaya. Sadaka ni hiari. Matangazo ya mwisho, nakuonya, yanaweza kuchukua muda, lakini usiondoke, kwa sababu ndimo utakamosikia mwanafunzi anayetafutiwa karo, mwenzao aliyefiwa na mzazi, na safari ya kutembelea wagonjwa, mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha watalii.

Wala usidhani kwamba maombi ya chuo hiki yamekuwa ndani ya kuta tu. Jumapili ya Februari 10, 1985, wakati wa mgogoro na serikali, wanafunzi walikusanyika kwa maombi ya pamoja katika uwanja wa michezo wa chuo, na polisi wakawavamia na kuwatawanya kwa nguvu. Nalitaja kwa sababu sehemu ya mwisho ya ziara inalihitaji.

Kutoka University Way shika Uhuru Highway kuelekea kusini, ukitembea chini ya kivuli cha barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, na uvuke kwenye taa za Kenyatta Avenue pamoja na kundi la watu, usivuke peke yako. Kwenye makutano hayo upande wa mjini utaliona jengo la Nyayo House, ambalo katika miaka ya 1980 vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa waliotuhumiwa kuipinga serikali, wakiwemo wahadhiri na wanafunzi wa chuo ulichotoka sasa hivi. Ng'ambo yake ni kona ya Uhuru Park inayoitwa Freedom Corner. Hapo, kuanzia mwisho wa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula wakidai watoto wao waachiliwe, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3 polisi walipokuja kuwaondoa kwa marungu na gesi, baadhi ya mama hao walivua nguo zao mbele ya vijana wale. Ilikuwa imebaki chini ya wiki mbili itimie miaka 70 tangu siku ya Nyanjiru, na umbali kati ya sehemu hizo mbili umeutembea kwa miguu yako mwenyewe.

Akina mama hao walikimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Kianglikana, nawe fuata Kenyatta Avenue ukipanda kuelekea upande wa hoteli ya Serena mpaka uone minara yake ya mawe. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 3, 1917, mchoro ni wa Mwingereza Temple Moore, na ujenzi haukukamilika hadi mwaka 1952, kwa hiyo yule aliyekuja Nairobi akitamani kuona matao yaliyochongoka na vioo vya rangi kama vya vyuo vya Uingereza atayapata hapa. Akina mama waliishi katika chumba cha chini ya kanisa hili karibu mwaka mzima, na wengi wa watoto wao waliachiliwa. Miaka mitano baadaye, Julai 7, 1997, polisi waliingia humuhumu na kuwapiga watu waliokuwa wamekusanyika kuomba na kudai mabadiliko ya katiba.

Adabu ni zilezile za Mtakatifu Paulo, isipokuwa kanisa hili ni kubwa na lina harusi nyingi Jumamosi, siku ambayo nakushauri usije. Ukikuta ibada inaendelea, kaa nyuma hadi iishe, kisha umwombe mhudumu, kwa upole, akuonyeshe mlango wa chumba cha chini. Huenda siku hiyo kikawa kimefungwa au kinatumiwa kwa mkutano; ikiwa hivyo, mwambie akuonyeshe mlango tu, usimame mbele yake kidogo, halafu utoke uteremke Kenyatta Avenue kurudi mjini kabla ya foleni ya saa kumi kuanza.